Vizuizi vya chini ya maji vya taifa la Ghubani: kuifunga bahari au kumchagulia adui njia?

MtungaRamani (mwanzisha uzi)

Wanajukwaa, salaam. Ninaandaa ramani na historia ya kijeshi ya taifa la kubuni ninaloliita Ghubani, na nimefika kwenye ulinzi wa bahari yake, sehemu ambayo nisingependa kuimaliza peke yangu. Nitaeleza kwanza jiografia, kwa kuwa katika jambo hili ndiyo inayoamua karibu kila kitu.

Ghubani imeizunguka ghuba moja kubwa, na ndani ya ghuba hiyo ndimo ulimo mji mkuu, bandari kuu na karakana ya manowari zake chache. Ghuba ina milango miwili. Mlango wa Kaskazini una upana wa kilomita moja na nusu na kina kisichozidi mita 35. Umebanwa kati ya rasi yenye majabali na kisiwa kidogo, na wakati wa bamvua maji yake hukimbia kwa kasi ya maili nne za baharini kwa saa. Mlango wa Kusini una upana wa kilomita 58, na katikati yake kina hufika mita 180. Jirani mwenye uhasama ana manowari kubwa na nyambizi za kutosha, na Ghubani haina fedha za kushindana naye meli kwa meli. Teknolojia ni ile ya miaka ya 1930: zege, nyavu za chuma, mabomu ya kutega majini, umeme, redio na vyombo vya kusikilizia chini ya maji vipo, lakini droni hazijafikiriwa hata kwa ndoto.

Watungaji wengi wa mataifa ya kubuni huchora mstari wa alama za mabomu mdomoni mwa ghuba, wakaandika kwamba eneo limefungwa, kisha wakahamia kwenye rangi za bendera. Mimi siamini kwamba bahari hufungwa hivyo. Kizuizi cha chini ya maji kina thamani pale kinapomlazimisha adui apite mahali ambapo mwenye nchi amekwisha kumwandalia mapokezi, na mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa Norwei. Kati ya mwaka 1874 na 1879 Wanorwei walijenga karibu na Drøbak, katika njia nyembamba ya bahari inayoelekea mji mkuu wao, tuta la mawe lenye urefu wa takribani kilomita moja na nusu. Tuta hilo limeishia chini kidogo ya uso wa maji, hivyo halionekani kwa mbali, na liliziba upande wa magharibi ili meli kubwa zisiwe na njia nyingine isipokuwa ile ya mashariki, mbele ya mizinga ya ngome ya Oscarsborg. Alfajiri ya tarehe 9 Aprili 1940 manowari ya Kijerumani Blücher ilipita humo humo ilimokusudiwa kupita, ikapigwa na mizinga iliyoundwa tangu karne ya 19, ikamaliziwa na topido zilizorushwa kutoka ndani ya jabali la ngome, ikazama. Tuta lenyewe halikuigusa meli ile hata kidogo, na bado nalihesabu kuwa mshiriki mkuu wa ushindi ule.

Pendekezo langu basi ni hili. Mlango wa Kaskazini ujengwe tuta la mawe lililozama, likiacha njia ya mita 300 upande wa rasi, na njia hiyo iwekewe nyavu za chuma zenye lango. Mlango wa Kusini utegwe mabomu katika mistari kadhaa kutoka ufuo hadi ufuo. Naomba mnionyeshe panapovuja.

Nangakuu

Ndugu MtungaRamani, Kaskazini umekaa vizuri. Panapovuja ni Kusini, tena panavuja sana.

Kilomita 58 zenye kina cha mita 180 si umbali wa kuzungumziwa kwa sentensi moja. Katika Vita Kuu ya Kwanza Waingereza na washirika wao walijaribu kuufunga mlango bahari wa Otranto, ambao upana wake ni takribani kilomita 70, kwa kutumia meli ndogo za uvuvi zilizokokota nyavu. Nyambizi zilipita chini ya nyavu, zikapita usiku juu ya maji katikati ya meli hizo, na zilizonaswa ni chache mno ukilinganisha na idadi ya vyombo vilivyotumika. Tarehe 15 Mei 1917 manowari za Austria-Hungaria zilishuka kwenye mstari huo na kuzamisha meli 14 za nyavu, kwa sababu hapakuwa na nguvu ya karibu ya kuzilinda. Kizuizi kilikuwa kirefu na chembamba, na kila sehemu yake ilikuwa dhaifu kama nyingine.

Mwaka 1918 Wamarekani na Waingereza walikwenda mbali zaidi, wakatega mabomu zaidi ya 70,000 kati ya visiwa vya Orkney na pwani ya Norwei. Nyambizi zilizopotea humo ni za kuhesabika kwa vidole, na baada ya vita kazi ya kuyaondoa iliendelea hadi vuli ya mwaka 1919. Ghubani maskini haiwezi hata kununua kamba za nanga za mabomu hayo.

Hata hivyo upo mfano mmoja wa mlango mpana uliofungwa kweli. Katika majira ya machipuko ya mwaka 1943 Wajerumani na Wafini walitandaza nyavu mbili za chuma kuvuka Ghuba ya Ufini, kutoka kisiwa cha Naissaar hadi Porkkala, zikiungwa mkono na mabomu na meli za doria. Nyambizi za Kisovieti zilizojaribu kupita mwaka huo hazikufanikiwa, na njia haikufunguka hadi Ufini ilipojitoa vitani mnamo Septemba 1944. Lakini tazama masharti yake: maji ni ya kina kifupi kiasi cha nyavu kuweza kufika sakafuni, na Bahari ya Baltiki karibu haina kupwa na kujaa. Wewe umejiwekea bamvua lenye mkondo wa maili nne kwa saa, na nguvu ya maji kwenye wavu haipandi sawasawa na kasi. Kasi ikiwa mara mbili, nguvu huwa mara nne. Wavu uliosimama wima wakati maji yametulia hulala mshazari mkondo ukikaza, ukingo wake wa chini ukainuka, na nyambizi ikapita chini yake bila kujikuna. Ongeza kome, mwani na kutu, ambavyo kila mwezi huufanya wavu uwe mzito zaidi na dhaifu zaidi, na utaona kwa nini nyavu ni gharama ya kila mwaka, wala si ya siku ya kuzinduliwa.

Ushauri wangu ni kwamba Kusini usifunge kote. Tega mabomu na nyavu kwenye kingo zenye kina kifupi, pande zote mbili, kisha acha katikati wazi na uilinde kwa njia nyingine. Mlango bahari wa Dover, kati ya Uingereza na Ufaransa, uliwafundisha Waingereza jambo hilo kwa gharama kubwa katika vita hiyo hiyo ya kwanza. Nyavu na mabomu ya mwaka 1915 na 1916 hayakuwazuia Wajerumani, waliopita usiku wakiwa juu ya maji. Mambo yalibadilika kuanzia mwisho wa mwaka 1917, mabomu yalipotegwa kwa kina mbalimbali na juu yake zikawekwa doria zenye taa kali na fataki za mwanga usiku kucha, kiasi kwamba nyambizi iliyotaka kukwepa mwanga ililazimika kuzamia, na ikizamia inakutana na mabomu. Wazo ni lile lile la Drøbak lililogeuzwa kusimama wima: badala ya kumsukuma adui kulia au kushoto, unamsukuma chini.

PezilaPapa

Samahani kwa kuingilia wakubwa. Kwa nini Ghubani isizamishe tu meli kuukuu kwenye Mlango wa Kaskazini na kuachana na habari za nyavu? Waskandinavia wa karne ya 11 walizamisha meli zao karibu na Skuldelev ili kuulinda mji wa Roskilde, na njia ile ilikuwa rahisi.

Nangakuu

Ni rahisi kwa mtu mwenye maji matulivu na kina kifupi. Katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, Kaskazini ilinunua meli kuukuu za kuvulia nyangumi, ikazijaza mawe na kuzizamisha kwenye milango ya bandari ya Charleston mwishoni mwa 1861 na mwanzoni mwa 1862. Meli zilididimia matopeni, mkondo ukajichimbia njia nyingine, na biashara ya magendo ikaendelea. Scapa Flow, kituo cha manowari zao huko Orkney, Waingereza walizamisha meli pia, na usiku wa tarehe 13 kuamkia 14 Oktoba 1939 nyambizi U-47 ilipenya kwenye nafasi iliyobaki kati ya meli hizo na ufuo, maji yakiwa yamejaa, ikaizamisha manowari Royal Oak pamoja na mabaharia zaidi ya 800. Baada ya hapo ndipo Waingereza walipojenga matuta manne ya mawe na zege kuunganisha visiwa vya upande wa mashariki, kazi iliyofanywa kwa sehemu kubwa na mateka wa Kiitaliano na kukamilika vita vikiwa vinakwisha. Meli iliyozama ni kiraka. Anayekitegemea apime kina tena kila baada ya dhoruba.

DiraYaOmo

Mazungumzo yamekwenda vizuri, ila nashangaa kwamba hakuna aliyelisimamia lango. MtungaRamani ameandika "nyavu zenye lango" kama mtu anayeandika kwamba nyumba ina mlango. Kwa uzoefu wa historia, lango ndilo vita vyenyewe.

Fikiria maisha ya kila siku ya Mlango wa Kaskazini. Meli za shehena zinaingia, doria inatoka, mashua za wavuvi zinarudi kabla ya giza. Kila mara moja ya hizo inapopita, meli ya lango inavuta sehemu ya wavu pembeni, na kwa muda huo nchi nzima imeacha mlango wazi. Alexandria, usiku wa kuamkia tarehe 19 Desemba 1941, wapiga mbizi sita wa Kiitaliano wakiwa wamepanda topido zinazoendeshwa na watu walisubiri nje ya kizuizi hadi lango lilipofunguliwa kwa ajili ya manowari za Waingereza wenyewe, wakaingia pamoja nazo, na asubuhi manowari kubwa Queen Elizabeth na Valiant zilikuwa zimekaa sakafuni mwa bandari. Hakuna wavu uliokatwa. Mwenye nyumba ndiye aliyewafungulia.

Kwa hiyo nashauri lango liwe mara mbili, moja nyuma ya jingine, likiacha kati yake eneo la kusubiria lenye urefu wa kutosha meli kubwa kusimama. Meli ikipita lango la kwanza, lango hilo hufungwa kabla la pili halijafunguliwa, na katika eneo hilo la kati rubani wa bandari hupanda melini, karatasi hukaguliwa, na mashua ya doria huzunguka kusikiliza kama kuna kitu kinachofuata chini. Meli zitalalamika kwa kucheleweshwa, hasa mkondo ukiwa mkali, kwa sababu kushikilia meli ya tani elfu kadhaa mahali pamoja katika maji yanayokimbia si mchezo. Basi ratiba ya lango ifuate maji: lifunguliwe wakati maji yamesimama, kati ya kupwa na kujaa. Hilo litampa adui ratiba pia, najua, lakini litakuwapo hata usipoliandika, kwa maana manahodha wote wa jirani wana majedwali ya maji yale yale.

Pili, pana suala la kusikia. Sakafu ya bahari nje ya lango itandikwe nyaya za kugundulia, zile zinazohisi chuma cha chombo kinapopita juu yake kwa kuzaa umeme mdogo unaoonekana kwenye kipimo cha kituo cha nchi kavu. Tarehe 28 Oktoba 1918 nyambizi ya Kijerumani UB-116 ilijaribu kuingia Scapa Flow kupitia mlango wa Hoxa. Ilisikika, ikaonekana kwenye nyaya, na walinzi wa nchi kavu wakayalipua mabomu yaliyokuwa chini yake kwa swichi. Hicho ndicho kizuizi kamili ninachokifahamu: kuhisi, kuamua, kulipua, bila wavu kuguswa.

Lakini nyaya hazifikiri. Sydney, jioni ya tarehe 31 Mei 1942, nyaya ziliandika kupita kwa nyambizi ndogo ya Kijapani, na alama hiyo ikapuuzwa kwa kuwa bandari ilikuwa na vivuko vinavyopita kila wakati. Nyambizi moja ilinaswa kwenye wavu, ambao ulikuwa bado haujakamilika na ulikuwa na mianya pande zote mbili. Nyingine iliingia, ikairushia topido manowari ya Marekani Chicago, ikaikosa, na mlipuko ukaizamisha Kuttabul, meli ya malazi, ukiwaua mabaharia 21. Kwa hiyo Ghubani ikitaka kununua nyaya, inunue pia nidhamu ya kuandika kila chombo kinachopita, ili alama isiyo na chombo chake kwenye daftari ipigiwe king'ora papo hapo. Daftari hilo ni rahisi kuliko wavu na naliona la maana zaidi.

BiMkondo

Nimewasoma nyote kwa furaha, ila ghuba hii mmeifanya kana kwamba haina wenyewe. Taifa lililoizunguka ghuba ni taifa la wavuvi, na kila mita ya mabomu ni mita waliyonyimwa. Msipowashirikisha, wao ndio watakaokuwa tundu la kwanza, kwa sababu watapita kando ya alama usiku kufuata samaki, na walinzi watazoea kuona vyombo visivyo na ruhusa. Msipowapa chochote, watauza ramani ya njia salama. Nashauri wavuvi wa kila kijiji wapewe kazi ya kulipwa ya kukagua maboya, kuondoa kome kwenye nyavu na kuripoti wavu uliosogea baada ya dhoruba, kwa maana hakuna ofisa wa jeshi atakayeufahamu mkondo ule kama wao.

Jambo la pili ni la sheria. Mkataba wa nane wa Hague wa mwaka 1907 unataka bomu lililofungwa kwa nanga lipoteze nguvu mara tu linapokatika, na bomu lisilo na nanga lipoteze nguvu ndani ya saa moja baada ya aliyelitega kupoteza udhibiti wake. Unataka pia meli za amani zitahadharishwe kuhusu maeneo ya hatari mara hali ya kijeshi inaporuhusu. Mlango wa Kusini wa kilomita 58 kwa hakika utakuwa njia ya meli za mataifa mengine. Tarehe 22 Oktoba 1946 manowari mbili za Uingereza, Saumarez na Volage, ziligonga mabomu katika mlango bahari wa Corfu na watu 44 wakafa. Mwaka 1949 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliamua kwamba Albania inawajibika, kwa kuwa haikuweza kutojua kuwapo kwa mabomu hayo katika maji yake na haikutoa tahadhari. Mahakama hiyo hiyo iliwaambia Waingereza kwamba walikiuka mamlaka ya Albania walipokwenda baadaye kuyaondoa bila idhini. Jirani mwenye uhasama anayetafuta sababu ya vita atafurahi kuliko wote Ghubani ikizamisha kwa bahati mbaya meli ya abiria ya nchi ya tatu.

Kwa sababu hiyo naunga mkono mabomu ya swichi ya DiraYaOmo kila mahali nyaya zinapoweza kufika, na mabomu ya kugusa, yanayolipuka yenyewe yakigongwa na chombo, yabaki kwenye kingo za kina kifupi tu, yakitangazwa wazi. Siri ibaki kwenye idadi na mpangilio.

MtungaRamani

Nashukuru sana. Nimechora upya, na hivi ndivyo ramani ilivyo sasa.

Kaskazini tuta linabaki, ila nimeliinua upande wa kisiwa hadi lionekane wakati wa kupwa, ili mkondo usilichimbue kimya kimya. Njia ya mita 300 ina malango mawili na eneo la kusubiria kati yake. Nyaya za kugundulia zimewekwa maili mbili nje, mabomu ya swichi maili moja nje, na mizinga imewekwa juu ya rasi mahali inapoweza kuona vyote viwili. Nimesisitiza mizinga kwa sababu ya mlango bahari wa Dardaneli huko Uturuki: mwaka 1915 meli za kuondoa mabomu, zikiwa ni za uvuvi zenye mabaharia wa kiraia, hazikuweza kufanya kazi chini ya taa na mizinga ya Waturuki, na tarehe 18 Machi mstari mmoja wa mabomu 26 uliotegwa na meli ya Kituruki Nusret siku kumi kabla, sambamba na ufuo mahali ambapo manowari zilizoea kugeuka, ulichangia kuzamisha manowari Bouvet, Irresistible na Ocean. Bomu lisilotazamwa na mzinga huondolewa siku adui anapopata nafasi.

Kusini nimefuata ushauri wa Nangakuu. Kilomita 17 kila upande zina mabomu ya kugusa yaliyotangazwa, na kilomita 24 za katikati ziko wazi wakati wa amani, zikisikilizwa na vituo vya haidrofoni (vyombo vya kusikilizia chini ya maji) kutoka visiwa viwili vidogo nilivyoviongeza kwenye ramani. Vita vikianza, mabomu ya kina kirefu hutegwa humo na doria zenye taa huanza.

Neno moja ninalolikataa ni la BiMkondo kuhusu mabomu ya swichi kila mahali. Nyaya za umeme za kilomita kadhaa hukatwa na nanga, hukatwa na adui, na kituo cha nchi kavu kikipigwa kombora la kwanza, mabomu yote yaliyounganishwa nacho hugeuka vyuma vilivyolala. Nataka walau mistari miwili ya mabomu ya kugusa yasiyomtegemea mtu.

BiMkondo

Iwe mistari miwili, lakini niambie nani ana orodha ya mahali kila bomu lilipo, na nakala ya pili ipo wapi ikiwa kituo hicho hicho kitapigwa. Siku vita vinapokwisha, atakayetumwa kuyaondoa ni mvuvi yule yule mliyemnyima njia.

DiraYaOmo

Nakala ya pili iwe kisiwani, si rasini. Na MtungaRamani, punguza idadi ya doria za katikati au ongeza bandari ndogo ya makaa upande wa Kusini. Kwa umbali ulioweka kutoka bandari kuu, mashua zako zitatumia nusu ya zamu yao zikienda na kurudi, na taa zako zitazimika saa ambazo nyambizi itazihitaji zizimike.